Nyumba za Kazi na Nyumba za Watu: Historia Fupi ya Makazi Yetu Tangu Kuja kwa Reli

Kwa wazee na wanachama wote.

Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, misiba iliyochangiwa na watoto waliosaidiwa karo. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini hazielezi kwa nini watu wa kwetu, walipokuwa kazini mbali na nyumbani, waliona haja ya kuwa na vyama vya kusaidiana. Zipo sababu nyingi, na moja iliyo kubwa aghalabu husahauliwa, nayo ni nyumba walizopewa kulala. Mtu aliyepewa mahali pa kitanda tu, pasipo mahali pa kumlaza mgonjwa, wala pa kumpokea mgeni, wala pa kukutanisha wafiwa, hana budi kutafuta kwa wenzake kile ambacho nyumba yake haikumpa.

Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika kwa ufupi historia ya nyumba zilizojengwa na Serikali, na Reli, na Halmashauri za miji kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na jinsi fikira za watu juu ya maisha ya kisasa zilivyobadilika pamoja nazo. Sisi watu wa Kiboko tunakaa kwenye barabara kuu kati ya Emali na Makindu, na watu wetu wamekwenda kazini pande zote mbili, Nairobi na Mombasa. Waliporudi hawakuleta mishahara peke yake. Walileta na fikira mpya za nyumba.

MUSYI WA ZAMANI

Kabla ya reli Mkamba hakuwa na nyumba moja, bali alikuwa na musyi, yaani boma lenye nyumba kadhaa. Kila mke alikuwa na nyumba yake ya duara, iliyoezekwa nyasi zilizoshuka hadi karibu na ardhi. Ndani yake palikuwa na mafiga, kitanda, na mahali pa ndama na wana-mbuzi. Nafaka iliwekwa katika ghala liitwalo ikumbi, lililoinuliwa ili lisiguse unyevu. Mbele ya boma palikuwa na uwanja uitwao thome. Hapo wanaume walikaa kando ya moto, wakala, wakakata mashauri na kuwafunza vijana. Maboma yaliyo jirani yalifanya utui mmoja, na watu wa utui walisaidiana kazi kwa mwethya.

Nyumba hizo zilikuwa na giza na moshi, wala hatuna haja ya kuzisifu kupita kiasi. Lakini mpango wake ulikuwa kamili. Kila mtu, kila mnyama na kila shughuli ilikuwa na mahali pake, na mwenye kujenga ndiye aliyekuwa mwenye kukaa. Hilo la mwisho ndilo lililobadilika kwanza.

Wamisionari ndio waliotuonyesha mapema nyumba ya pembe nne. Wamisionari wa Kiskoti walifika Kibwezi mwaka 1891, na wale wa Africa Inland Mission wakaanza kazi yao Nzaui mwaka 1895. Nyumba yenye pembe, dirisha na meza ikawa alama ya mtu aliyesoma. Tangu hapo, umbo la nyumba likaanza kusema jambo juu ya mwenyewe hata kabla hajafungua kinywa.

LANDI ZA RELI

Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na Makindu pakawa kituo kikubwa cha kazi hiyo. Pamoja na reli zikaja nyumba ambazo watu waliziita landi. Landi ni mstari mrefu wa vyumba chini ya paa moja, kila chumba na mlango wake unaoelekea nje, na bomba la maji na vyoo vikiwa vya watu wote. Nairobi majina ya Landi Mawe na Landhies Road yanatukumbusha nyumba hizo hata leo.

Aliyechora landi hakumwuliza mfanyakazi anakaaje kwao. Alijiuliza tu: ni watu wangapi watakaolala chini ya paa moja kwa gharama ndogo, na karibu na kazi? Jawabu lake lilikuwa sahihi kwa swali hilo. Walakini swali lenyewe lilikuwa pungufu, kwa kuwa lilimhesabu mfanyakazi kama mtu asiye na mke, wala watoto, wala wazazi.

Wala haikuwa bahati mbaya. Mshahara nao ulihesabiwa hivyo hivyo. Ilidhaniwa kwamba mwanamume amekuja mjini kwa muda, na kwamba mke wake amebaki nyumbani akilima na kuwalisha watoto. Kwa hiyo akalipwa kiasi cha kumtosha mtu mmoja, na akapewa chumba cha mtu mmoja, ambacho mara nyingi walilala watatu au wanne. Alipougua au kuzeeka alirudi kwao. Tukilitazama jambo hili vema, tutaona kwamba shamba la mwanamke wa Ukambani lililipa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa, na nyumba yake ya nyasi ilikuwa hospitali na malipo ya uzeeni kwa mfanyakazi wa mjini. Jambo hili halikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ilitoka pwani. Serikali ilipoweka mtaa wa Pumwani huko Nairobi, baada ya Vita Vikuu vya kwanza, watu walikodishwa viwanja wakajijengea wenyewe. Walijenga nyumba ya Kiswahili kama zile za Mombasa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma kwa kupikia na kufulia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Nyumba hizo nazo zilijaa watu, na maradhi yalikuwamo. Lakini katika ua wake mtu aliweza kufanya arusi, na ukumbini aliweza kulaza maiti. Landi haikuruhusu hata moja la hayo mawili.

MGOMO, NA FIKIRA ZA MJI-BUSTANI

Watu hawakunyamaza. Huko Mombasa mwaka 1939 wafanyakazi waligoma, na posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai. Serikali ikaunda tume kuchunguza hali ya kazi mjini humo. Vita vya pili vikajaza miji zaidi, bei zikapanda, na mwezi wa Januari 1947 mgomo mkubwa ukasimamisha kazi za bandari na reli. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba nyumba ni jambo dogo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 mtaa wa Kaloleni ulijengwa Nairobi. Mtu aliyetoka kwenye landi akaingia Kaloleni aliona mambo mageni: nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, zikizunguka viwanja vya majani, pamoja na ukumbi wa mikutano, shule na zahanati. Fikira hizi zilitoka Uingereza. Ebenezer Howard alitoa kitabu mwaka 1898 akieleza mji ulio nusu mji na nusu shamba, na mwaka 1903 mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ukaanza kujengwa. Mwaka 1948 ikatolewa ramani kuu ya Nairobi, iliyoandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson. Nayo ilitaka mji ugawanywe katika vitongoji, kila kimoja na shule na maduka yake. Lakini mji wenyewe ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa rangi za watu, na kitongoji kizuri hakikuondoa mpaka huo.

Kaloleni ilikuwa hatua ya kweli. Kwa mara ya kwanza Halmashauri ilijenga mtaa mzima ikikubali kwamba Mwafrika mjini ana mke na watoto. Upungufu wake ni kwamba nyumba zilikuwa chache kuliko wenye haja. Hata hivyo ukumbi wa Kaloleni ukawa jambo ambalo pengine waliouchora hawakulitazamia. Vyama vya ustawi na vya siasa vilikutana humo, watu wa kila kabila wakajifunza kusimama, kujibu hoja na kupiga kura. Kwa maneno mengine, ukumbi ule ulikuwa thome ya mjini.

JIKO

Hapa inafaa kusema kidogo juu ya jiko, maana ndipo fikira za kisasa na desturi zetu zilipogongana waziwazi.

Kule Frankfurt, nchini Ujerumani, mwaka 1926 mwanamke mmoja mchoraji wa majengo, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Alipima hatua za mpishi ili asichoke bure, akapanga kila kitu mahali ambapo mkono utakifikia. Jiko hilo lilikuwa na upana usiofika meta 2 na urefu wa meta 3 na nusu hivi. Lilikuwa tendo la huruma kwa wanawake waliotoka kiwandani jioni. Mkuu wa kazi hizo za Frankfurt, Ernst May, baadaye alikuja Afrika Mashariki mwaka 1934, akakaa huku karibu miaka 20. Yeye ndiye aliyechora mpango wa kupanua mji wa Kampala uliotolewa mwaka 1947.

Jiko dogo lina fikira yake: kwamba mpishi ni mmoja, amesimama, na chakula ni cha haraka. Jiko la Mkamba lina fikira nyingine. Muthokoi hautaki haraka. Mahindi hutwangwa kwa kinu na mchi, kisha huchemshwa pamoja na maharagwe kwa saa nyingi, na wanawake wawili watatu hukaa hapo wakizungumza, wakinyonyesha watoto na kumshauri bibi arusi. Aliyepewa jiko la hatua mbili aliokoa nguvu zake, lakini alipikia peke yake. Ndiyo sababu katika mitaa mingi ya Nairobi utaona jiko la makaa limetolewa nje ya mlango. Watu waliolitoa si wajinga wa maisha ya kisasa. Walikuwa wakirudisha mahali ambapo mchoraji alipafuta.

FAMILIA YAKUBALIWA, CHUMBA CHABAKI

Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilitoa shauri kubwa: kwamba mshahara wa chini usihesabiwe tena kwa haja za mseja, bali kwa haja za mtu mwenye mke na watoto. Serikali haikulitimiza shauri hilo lote mara moja, lakini neno lilikwisha kusemwa na wakubwa wenyewe.

Katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari mitaa mipya iliota upesi mashariki ya Nairobi: Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho, Jerusalem na mingineyo. Mbotela na Ofafa ni majina ya watu wawili mashuhuri wa mjini, Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952 na Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Nyumba zilikuwa imara, za mawe, zenye maji. Lakini nyingi ya hizo zilikuwa bado vyumba. Familia ilikubaliwa kwa maneno, na chumba kikabaki kile kile.

Ndipo pazia likaja. Mke alipotoka Ukambani baada ya mavuno, pazia lilitungikwa katikati ya chumba: huku kitanda, huku viti na meza, na usiku watoto wakalala chini mahali pa viti. Ndugu aliyekuja kutafuta kazi alilala jikoni au kwa jirani mseja. Pazia lilikuwa ukuta wa watu wasioruhusiwa kujenga ukuta.

Na hapo ndipo kazi ya vyama ilipoonekana. Chumba chenye pazia hakiwezi kupokea matanga. Kwa hiyo watu wa eneo moja walikusanyika Jumapili, wakachanga senti zao, wakapeleka maiti kwao, wakamtunza mjane na kumpa nauli aliyekosa kazi. Tukisoma taarifa za vyama vya namna hii tutaona kana kwamba tunasoma orodha ya vyumba vilivyopungua katika nyumba za mjini.

BAADA YA UHURU

Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1963, Serikali iliomba ushauri wa Umoja wa Mataifa, na wataalamu wawili, Bloomberg na Abrams, wakaleta taarifa yao juu ya upungufu wa nyumba. Siasa ya nyumba iliyotolewa mwaka 1966 ilitaka kila jamaa wapate walau vyumba viwili vya kukaa, pamoja na jiko na choo chao wenyewe. Mwaka 1967 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kipimo cha nyumba ya raia kikawa kimeandikwa kwa mara ya kwanza na Serikali yake mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 njia mbili zilijaribiwa Nairobi. Ya kwanza ni Buru Buru, iliyoanza mwaka 1973: nyumba za kununua polepole kwa mkopo, zenye sebule, vyumba vya kulala, bafu ndani na ua mdogo. Waliozichora ni kampuni ya Mutiso Menezes, ambayo David Mutiso alikuwa mkuu wake mmoja. Ndiye yule mchoraji aliyeshirikiana na Karl Henrik Nøstvik katika jumba la mikutano la Kenyatta. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa miaka 20 kabla ya hapo hakuna Mwafrika wa Kenya aliyeulizwa nyumba ya Mwafrika iweje. Hata hivyo Buru Buru ilikuwa ya mwenye mshahara wa hakika mwezi hadi mwezi. Wengi wa watu wetu hawakuwa nao.

Njia ya pili ni Dandora, iliyoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hapo mtu alipewa kiwanja chenye maji, choo na bafu, akaachiwa ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Viwanja vilikuwa kama 6,000. Fikira ilikuwa njema, nayo ilikuwa karibu na ile ya Pumwani ya zamani. Lakini wenye viwanja wengi walijenga vyumba vya kupangisha, kimoja kimoja, na wapangaji wakatungika mapazia yale yale. Landi ikarudi, na safari hii mwenyewe alikuwa mwenzetu. Hapa hatulaumu, mwenye kiwanja naye alikuwa na karo ya kulipa. Twasema tu kwamba chumba kimoja hakikuondoka nchini pamoja na Mwingereza.

NYUMBANI UKAMBANI

Wakati huo huo maisha ya kisasa yalikuwa yakijengwa kwa namna nyingine nyumbani. Katika miaka ya 1940 msitu wa Makueni ulianza kusafishwa ili watu wahamishiwe humo. J. A. Hunter, mwindaji aliyeajiriwa kuondoa vifaru, aliua karibu vifaru 1,000 kati ya mwaka 1944 na 1946, na jina lake limebaki hapa Kiboko katika hoteli ya Hunter's Lodge. Waliopewa mashamba walipewa na masharti ya kuyatunza. Katika miaka ya 1950 matuta yalichimbwa kwa mwethya, na Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ikaeneza mafunzo ya usafi, choo na kichanja cha vyombo.

Mfanyakazi aliyekuwa akilala nyuma ya pazia Nairobi alituma fedha zake huku. Nyumba ya duara ikafuatwa na ya pembe nne, udongo ukafuatwa na tofali la kuchoma, nyasi zikafuatwa na mabati. Wako wanaodhani kwamba mabati yalipendwa kwa fahari tu. Hawajateka maji. Paa la nyasi halitoi maji safi. Paa la mabati lenye mfereji hujaza tangi. Paa la meta za mraba 50 likipata mvua ya milimita 100 hukusanya kama lita 5,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Katika nchi yetu, ambayo mvua yake ya mwaka yakaribia milimita 600 na haina uaminifu, hizo ni safari nyingi za punda na za mgongo wa mwanamke. Kwa hiyo jambo la kisasa kuliko yote katika nyumba ya Ukambani si kochi wala kioo cha dirisha. Ni mfereji wa paa. Wala halikuletwa na ramani ya mji wowote. Lilitokana na haja ya wenye kukaa.

JAMBO LINALOTUPASA SASA

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Baadhi ya mitaa ya zamani imekwisha kuvunjwa ili kupisha maghorofa. Basi wanachama wenye mishahara tayari wamo katika kulipia nyumba hizo, watakazokaa na wasizokaa. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Historia tuliyoieleza yatufundisha maswali manne. Kwanza: nyumba hii ilichorwa kwa kumfikiria nani, mtu mmoja au jamaa? Pili: maji yatatoka wapi bomba likikauka? Tatu: mgonjwa au mzazi mzee atalala wapi, na atapandaje ngazi? Nne: wakazi watakutana wapi siku ya msiba na siku ya furaha? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Rangi ya ukuta na urefu wa ghorofa ni mlango. Maswali manne haya ndiyo ndani yake.

Twapendekeza kwamba wazee waziweke hoja hizi mbele ya mkutano mkuu, na kwamba mwanachama yeyote anayetaka kununua nyumba mjini, au kujenga hapa Kiboko kwa mkopo, ayajibu maswali hayo pamoja na jamaa yake, mke na watoto wakiwapo, kabla ya kutia sahihi. Na pale ambapo maofisa wataita wananchi kutoa maoni juu ya nyumba zitakazojengwa katika kaunti yetu, chama kipeleke watu wawili walau, mmoja wao awe mwanamke, maana ndiye aliyejua siku zote ni chumba gani kilichopungua.